Kusukuma ukuta mu diski

Siku ya kwanza, 4 mwezi wa tano
Nimefua, nimepika bukari. Nadège, binti ya mutoto wangu, anayeniita Kambo, anachapa barua za bantu wanaomulipa na mashini yake, kompyuta, hapa sebuleni. Leo mashini inakataa. Imejaa. Anasema diski iko na sehemu mbili: moja ya Linux, nusu tupu, ingine ya vitu vyetu, imejaa mpaka mulangoni. Anataka kusukuma ukuta wa katikati. Lakini mu ile iliyojaa njo muko sauti ya marehemu bwana yangu, anaimbisha kwaya. Hakuna pengine. Nimemwambia: gusa, utaona.

Siku ya pili, 5
Eti amekopia sauti ya mzee "pa nafasi ingine". Nafasi gani? Mu diski ile ile! Upande wa pili wa ukuta! Miaka mitatu universite. Minye niliachia darasa la nne, na najua vyumba vyote viwili viko chini ya bati moja. Nimemugombeza mpaka jirani akapunguza redio.

Siku ya tatu, 6
Amenuna. Lakini ameleta kle ya USB, ndogo kama ukucha, amekopia sauti ndani. Kuamini bure? Hapana. Tumeichomeka mu televizyo ya jirani, nisikie na masikio yangu. Marehemu alikohoa, akaanza wimbo. Njo yeye. Nimechomoa kle mwenyewe, nimeifunga mu ncha ya kikwembe changu.

Siku ya posho, Jumamosi, 9
Betri ya mashini ilikufa zamani; kura ya umeme ikikatika, inazimika. Nilisema tuazime betri ya kwaya. "Kambo, kura iko muzuri leo." Mukaidi! Akawasha mashini na kle ingine, sababu ukuta hausukumwi Linux ikitembea ndani. Sehemu tupu ikapunguzwa vizuri. Akaanza kusogeza yetu. Tulingoja mpaka bukari ya midi, ya saa sita, ikapoa. Halafu kura, pa! Imekatika. Hata frigo kimya. Nadège ameshika kichwa. Minye nimeshika fundo la kikwembe.

Siku ya yenga, Jumapili, 10
Kura imerudi. Sehemu yetu haifunguki. Barua za bantu zimepotea, atachapa upya. Ameifuta yote, ameitengeneza tena, kubwa. Akanyoosha mukono, akaomba kle. Nimefungua fundo polepole. Nimemwambia: kopia, usihamishe.

Bwana yangu akakohoa. Nadège, aliyezaliwa mzee akiwa tayari kaburini, akacheka: "Kambo, hata weye unakohoaka vile mbele ya kutugombeza."

Tumeusikiliza wimbo mpaka mwisho. Kle imerudi mu kikwembe.