Sauti ya Mtu wa Mafuta

Tucson, Arizona
8 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Hujambo na hilo goti lako? Sisi huku tu wazima, ila joto bado linatukaanga, na maboga tuliyoweka kibarazani yameanza kuoza kabla hayajachongwa. Nakuandikia kwa sababu simu yetu hukatika kila tunapofika kwenye jambo la maana, na mara nyingi anayekata ni wewe.

Nimesoma kwamba Hollis Pruitt ataonyesha tena ile filamu ya Baba, *Jirani Hana Kivuli*, kwenye jumba lake la sinema siku ya Halowini, mji mzima ukiwa umevaa vinyago. Nataka kuja na Maeve. Kigugumizi chake kimezidi tangu shule zifunguliwe. Mwalimu akimwita asome kwa sauti, anasema anaumwa tumbo. Hata mezani sasa, akitaka chumvi anaonyesha kwa kidole. Ana miaka tisa, Mama, na anaacha kusema huku ninamtazama.

Kitu kimoja tu anakipenda, sauti ya Baba. Unakumbuka nilivyoinasa kwenye kaseti filamu ilipoonyeshwa kwenye televisheni, nikiwa na miaka kumi na miwili? Sasa iko kwenye simu yangu. Kila jioni kabla ya mazoezi yake ya kusema anaisikiliza: "Safari njema, bwana. Usiku bado mrefu." Namwambia, sikiliza babu yako alivyokuwa akisema, maneno yanatoka bila kukwama, na hiyo ni damu yako. Nataka amwone kwenye kitambaa kikubwa, amsikie ukumbi mzima. Mimi mwenyewe sijawahi kuiona humo, maana ulinikataza kila mwaka ukisema inatisha. Nina miaka arobaini sasa. Nadhani nitastahimili.

Mwanao,
Lyle


Harlan's Ford, Ohio
17 Septemba

Lyle mwanangu,

Goti linatangaza mvua kabla ya redio, lakini silalamiki. Mbusu Maeve kwa ajili yangu, na mkeo Dana pia kama hajachoka na kazi yake ya zamu.

Kuhusu kuja, sioni kama ni vizuri. Chumba chako kinavuja, na shule yao haitapenda akose masomo. Njooni mwishoni mwa Novemba, siku ya Shukrani, nitaoka bata mzinga na tutakaa kwa utulivu.

Na hiyo filamu si kitu. Juzi niliitoa kanda yake kabatini nikaiangalia tena peke yangu, mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Popo ni vitambaa vya mwavuli, nyuzi zinaonekana. Yule mnyonya damu anahamia mtaani, majirani wanamletea vyakula vya kumkaribisha kama ilivyo desturi yetu, na kila bakuli lina kitunguu saumu, ambacho kwa mnyonya damu ni sumu. Anakula kwa adabu huku moshi ukimtoka masikioni. Nakiri pale nilicheka sana, paka akakimbia. Nilicheka mpaka kilipofika kituo cha mafuta, nikazima.

Mama yako


Tucson
25 Septemba

Mama,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Tiketi za ndege nimeshakata.

Miaka kumi na tano unanisuta kwamba nimehamia jangwani kukukimbia. Leo nasema nakuja, unaniletea habari za paa. Na kwa nini ulizima pale pale anapotokea Baba? Kama mna ugomvi mliouacha, niambie. Kama ni huzuni, niambie pia. Alikufa nikiwa na miaka mitano na sina kingine chake chenye sauti. Sekunde nne tu, Mama. Usinifanye nizigombanie.

Mwanao,
Lyle


Harlan's Ford
4 Oktoba

Lyle mwanangu,

Nimeandika barua hii mara tatu. Niko mzima, usidhani naumwa.

Ile sauti si ya baba yako.

Uso ni wake, mikono ni yake, na kofia ile ninayo hadi leo. Watu wa filamu walipokuja hapa mwaka 1986 walihitaji mtu wa kituo cha mafuta, na Orrin, baba yako, kazi yake ndiyo ilikuwa hiyo, wakamwambia simama tu na useme maneno haya. Baba yako alikuwa na kigugumizi, Lyle, kibaya kuliko cha Maeve. Lile "safari" lilimkwama mara nane. Mara ya tisa alichoka, akamwambia mnyonya damu, "H-h-haya nenda zako, mimi n-n-nafunga." Yule mwigizaji alicheka mpaka meno ya bandia yakamdondoka. Picha hiyo waliipenda wakaibakiza kwenye filamu. Sauti waliifuta, wakamwekea ya mtu fulani wa studio. Angalia midomo yake vizuri, utaona haiendi na maneno.

Ungeniuliza ningekwambia. Lakini hukuuliza. Ulikuja mbio kutoka chumbani na ile kaseti mkononi, ukasema, "Mama, nimempata Baba." Nilikuwa naosha vyombo. Nikasema vizuri, mwanangu. Basi, kuanzia hapo kila mwaka ikawa vigumu zaidi.

Nisamehe.

Mama yako


Tucson
13 Oktoba

Mama,

Sisi ni wazima.

Nimeangalia midomo. Ni kweli.

Kwa miezi miwili nimekuwa nikimwambia mwanangu ajitahidi aseme kama mtu wa studio. Ulijua, maana nilikuandikia, nawe ukanijibu habari za bata mzinga. Angalau ungenizuia siku hiyo. Sijui kama tutakuja, na kama tutakuja sijui kama nitafika kwako.

Lyle


Harlan's Ford
20 Oktoba

Lyle mwanangu,

Hukuweka "mwanao" mwishoni. Nimeona, na siwezi kukulaumu. Natumaini mtoto analala vizuri.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nikukataze ukumbi ule. Usiku wa kwanza, mji mzima ulipoisikia sauti ya mgeni ikitoka kinywani mwa Orrin, baba yako alizama kwenye kiti chake nikadhani atatoka. Kesho yake ilionyeshwa tena. Sauti ile ilipoanza, Hollis, aliyekuwapo siku ile ya kupiga picha, alisimama akaifunika kwa kupiga kelele maneno ya Orrin mwenyewe, na kigugumizi chake humo humo. Mimi nilitaka kumrushia kiatu. Orrin alicheka mpaka akalia. Tangu siku hiyo kila Halowini ukumbi mzima hupiga kelele hivyo. Hata waliozaliwa juzi, ambao hawakumwona, wanayajua maneno.

Yeye aliyapenda, lakini mimi sikuwahi kuyazoea. Wewe ulikuwa na ile sauti safi ya kwenye kaseti, niliogopa ungeingia mle usikie watu mia mbili wakigugumiza na usijue ni upendo. Sasa naogopa zaidi kwa ajili ya Maeve. Kwa hiyo nimekwenda kwa Hollis kumwomba watu wanyamaze mwaka huu kama mtakuja. Hakufurahi, ila amekubali, na atatangaza mlangoni. Mimi sitakwenda. Nitabaki hapa kugawa peremende kwa watoto wanaobisha hodi.

Mama yako


Harlan's Ford
1 Novemba, asubuhi

Mama mpendwa,

Umeamkaje? Goti je?

Tulifika jana mchana tukalala kwenye nyumba ya wageni karibu na barabara kuu. Nilikuwa bado na hasira, sikutaka kuja kwako nayo. Kabla ya kusafiri nilimsomea Maeve barua zako mbili za mwisho, neno kwa neno, kwa sababu sikuona haki ya kumficha. Alisikiliza, akaomba nirudie ile sehemu ya mara nane. Tangu hapo hajaitaka ile sauti ya kwenye simu, nami nimeifuta.

Hollis alitangaza kama ulivyomwomba. Watu walinitazama, wengine walinishika bega. Filamu ni ya kipumbavu kweli, nami nilicheka, Mama, nilicheka kwa ule moshi wa masikioni. Kisha kikaja kituo cha mafuta. Baba akatokea, mkubwa kama nyumba, na ukumbi ukanyamaza kabisa. Watu walikuwa wameshika midomo yao kwa mikono. Yule mgeni akasema "Safari njema, bwana," na nikaona jinsi alivyo mgeni.

Hapo Maeve akasimama juu ya kiti. Nilidhani anataka kutoka. Akasema, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu majira ya joto, "H-h-h-haya nenda zako, mimi n-n-n-nafunga." Ilimchukua muda. Mnyonya damu alikuwa ameshaondoka na gari lake, na watu wote walimngoja amalize.

Kisha wakapiga kelele wote pamoja naye, na Hollis akairudisha nyuma filamu ili Babu aseme tena. Tuliirudia mara nne. Mara ya nne nilisema na mimi. Mama, sasa najua Baba alisemaje. Nimemsikia kwa watu mia mbili.

Njiani kurudi Maeve aliniuliza maswali kumi na moja. Nilihesabu. Mengi siwezi kuyajibu, unayaweza wewe. Barua hii ataipitisha yeye chini ya mlango wako. Amesimama kibarazani, usimwite kwa haraka, anataka aanze yeye kusema.

Mwanao,
Lyle