Nikisema "Matajiri" kwa Kijerumani

Mpendwa Baba Wanjiru,

Leo situlii. Nimeinjika chai mara mbili, na mara mbili imechemka ikamwagika mekoni. Kesho baada ya misa wale wageni wa Ujerumani wanarudi hapa Chaka kuona mto wetu, na akina mama wamesema niongee mimi.

Mara ya kwanza walipokuja, wewe ulikuwa umeshalala kaburini. Nilisimama nikasema kwa Kiswahili kwamba matajiri wa huko juu wameziba mto wanyweshe ngano yao, na sisi tunachota matope. Mkalimani akawaambia kwa Kijerumani kwamba mvua imekuwa kidogo. Nilielewa kila neno, nikakaa chini.

Unakumbuka tulipokuwa tukipanga chumba kule Ruring'u, zile jioni za masomo kwa mtawa Mjerumani? Kijerumani cha kuomba chumvi tulikipata upesi. Wewe ukataka kile cha kubishana: misitu, maji, haki ya maskini. Ukanikalisha jikoni kunifunza ile "l" ambayo ulimi wetu sisi Wakikuyu hauitaki, mpaka nikaanza kuitia hata mahali isipohitajika. Siku moja nikataka kusema matajiri, *die Reichen*, wanakunywa maji yote. Nikasema *die Leichen*. Ukaweka kikombe chini.

"Mama Wanjiru, ati maiti ndio wanakunywa maji?"

"Si uwaulize, wewe ndio uko na Kijerumani mingi."

Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Nilinuna kidogo, halafu nikacheka pia.

Tangu asubuhi nazunguka kwenye mahindi nikilitamka neno hilo, nikimwomba Mungu anishikie ulimi. Lakini wacha nikwambie, si ulimi unaoninyima raha. Aliyeziba mto ni yule mzee wa benchi la mbele kanisani. Ndiye aliyetoa pikapu yake kuleta mwili wako kutoka hospitali, akakataa hata pesa ya mafuta. Nitamtajaje mbele ya wageni? Na nisipomtaja, watoto si wataendelea kuumwa na tumbo kwa maji hayo?

Nimeamua kupanda kwake jioni hii. Nitamwambia kwa Kiswahili yote nitakayosema kesho kwa Kijerumani, asije akayasikia kwanza mbele za watu. Akifungua maji, nitawaambia wageni amefungua. Akinifukuza, nitakuwa nimemshukuru kwanza kwa ile pikapu, pale mlangoni.

Nimeshavaa viatu. Niombee huko uliko.

Mkeo,
Mama Wanjiru