Kusoma kwa Mdomo Uliofumbwa

Maskati, Ijumaa baada ya sala

Mamangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta umeshawaachilia wanafunzi wa asubuhi, umekunja mikeka, na umeketi na kikombe chako cha kahawa bila mtu wa kukuita. Goti lako linaamkaje siku hizi? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka, au umempa jirani kama ile ya kwanza? Na mwanangu Swabra je, kikohozi kimekwisha? Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi. Moyo ndio umechoka.

Utashangaa kwa nini naandika ilhali tuna simu. Simu yako, mama, unaisikilizia kwa spika, na kila nikipiga Swabra yuko ubavuni pako. Haya ya leo sitaki ayasikie kabla yako. Barua nimempa Mwanajuma, yule mwenzangu wa Kipungani tunayelala naye chumba kimoja, anayekuja nyumbani likizo. Akishuka uwanja wa ndege wa Manda atavuka kwa mashua aje kwako kabla ya kwenda kwao, ameniapia. Mpe chai, lakini usimuulize kitu mpaka uwe umeimaliza.

Nianze na lililo zito, nisikuzungushe. Sirudi Ramadhani hii. Nimetia sahihi mkataba wa miaka miwili mingine hapa hotelini, kwenye chumba kile kile cha kufua na kupiga pasi. Diploma ya ualimu sikuipata. Nimeanguka mtihani wa mwisho, na ile nafasi ya kufundisha chekechea aliyokuwa ameniwekea Mwalimu Shee hapo mtaani amempa mtu mwingine. Simlaumu. Amengoja kuliko ambavyo wengi wangengoja.

Najua utauliza mbona siku zote nilisema nafaulu. Nilikuwa nafaulu kweli. Koleji yenyewe iko Kenya lakini sijawahi kuuona mlango wake. Masomo yote yako mtandaoni. Mwalimu amerekodiwa, unamwona anazungumza lakini yeye hakuoni. Ukimaliza somo unaulizwa maswali papo hapo, na ukipata yote yanapanda maputo ya rangi kwenye skrini, kana kwamba nina miaka mitano. Nilisomea kwenye simu, nikiwa nimekaa juu ya kapu la mashuka machafu, nikingoja mashine zimalize kuzunguka. Mwanzo niliyacheka yale maputo. Baadaye kila yalipopanda nilijiambia nimesogea hatua moja kwa Swabra.

Na nilisoma vile ulivyonifundisha wewe. Unakumbuka ulivyotupanga safu barazani, misahafu juu ya marufaa ya mbao ya kusomea, kila mtu na sura yake na sauti yake, sote tukiyumba mbele na nyuma, nawe katikati ya kelele zote hizo ukimjua aliyekosea? Mtoto akinyamaza ulimgusa begani kwa upepeo wako: "Umelala?" Mimi hukunigusa mara nyingi. Nilikuwa bingwa wa kuyumba. Hata kitabu cha jiografia cha shule nilikisoma hivyo, ndugu zangu wakinicheka. Mpaka leo neno ambalo halijapita mdomoni mwangu haliingii kichwani. Wala sikujua kwamba hiyo ni namna moja tu ya kusoma. Nilidhani ndiko kusoma kwenyewe.

Sasa huo mtihani wa mwisho unaufanya popote ulipo, na msimamizi wako ni programu. Inakutazama kwa kamera ya kompyuta: macho yanakwenda wapi, mdomo unafanya nini, nani anapita nyuma yako. Wanataka chumba kitupu na mlango umefungwa, na sisi tunalala wanne. Mkubwa wetu wa kazi, Mungu amjaze kheri, akanipa stoo ya mashuka saa za mchana, na kompyuta nikaiazima kwake pia. Mwanajuma akasimama mlangoni nje kama askari. Programu ikanitaka niizungushe kamera chumba kizima, nioneshe chini ya meza, kisha nifunue masikio ionekane sina kidude cha kusikilizia. Nilifunua. Nilijiambia inayonitazama ni mashine. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kuna watu hukaa wakaitazama ile picha ya video iliyorekodiwa.

Maswali nilikuwa nayajua, mama. Sijisifu. Nilitoka stoo nacheka, nikakupigia pale pale, na ukamwita Swabra ukamwambia mamako anarudi. Laiti ningenyamaza siku ile.

Wiki iliyofuata ukaja ujumbe kwamba matokeo yangu yamezuiliwa. Programu imeona mwenendo wa kutiliwa shaka: mdomo kusogea mfululizo, mwili kusogea mfululizo, sauti ya mazungumzo. Nikaandika malalamiko. Jibu likaja kabla sijaiweka simu chini: "Tunaelewa jinsi unavyojisikia." Nikafurahi, kumbe ni roboti anayejibu. Nikaandika tena, nikaeleweka tena. Mara nne nilieleweka hivyo, na hakuna aliyenisaidia.

Mwishowe wakanipa kikao kwa video na watu watatu. Aliyezungumza zaidi ni mama mmoja wa makamo, mpole, mwenye miwani. Wakanionesha ile picha, bila sauti. Mama, sikujiona mimi. Nilikuona wewe. Kidevu ni chako, kule kuinama ni kwako, hata ule mkono unaopiga goti polepole ni wako. Nilikuwa sijawahi kujitazama nikisoma, na nani hujitazama? Machozi yakanitoka, na wao wakaandika kitu.

"Hapa ulikuwa unaongea na nani?" yule mama akauliza.

"Na nafsi yangu."

"Muda wote huo?"

"Kwetu ndivyo tunavyosoma."

"Kwenu ni wapi?"

"Amu."

Akapekua karatasi zake. "Khadija, tuna wanafunzi wengine kutoka Lamu. Hawakufanya hivi."

Nikawaambia waniulize swali lolote la mtihani ule, hapo hapo. Wakaniuliza moja, nikalijibu lote. Yule mama akatabasamu, na naamini alinisadiki. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Unaona hata sasa unayumba?"

Hawakunifukuza. Wakanipa kuurudia mtihani mara moja tu, lakini programu ikinishuku tena, utajifunga wenyewe. Na hapa nikuambie jambo linaloniuma. Katika kundi letu la wanafunzi kwenye simu yuko mmoja ambaye kazi zake zote aliandikiwa na akili mnemba, na siku ya mtihani aliegemeza simu ya pili nyuma ya kompyuta akawa ananakili. Ametuambia mwenyewe, anacheka. Alikaa ametulia kama picha ya ukutani, mdomo umefumba, na programu haikumwona na kosa. Huyo ana diploma. Atafundisha watoto.

Basi nikawa na wiki tatu za kujifunza kunyamaza. Nilijaza maji mdomoni nikasoma hivyo, ili midomo ikisogea yamwagike nijue. Leso nilijifunga kiunoni na kwenye mgongo wa kiti nisiyumbe. Siku ya kwanza Mwanajuma aliingia akanikuta, akaniuliza, "Khadija, mai hayo kanwani ya nini?" Nami siwezi kumjibu, nikamwonesha kitabu kwa kidole. Alicheka mpaka akaketi sakafuni. Siku ya tatu hakucheka tena. Alinitazama macho mekundu, akasema, "Mato yamekuiva, na hiyo leso yakukata. Hayano si masomo, ni adhabu." Nikameza maji, nikamwambia anyamaze, ananipotezea mstari.

Siku yenyewe sikutikisika. Ile alama ya kijani ilikaa juu ya skrini tangu mwanzo mpaka mwisho. Nikasoma swali la kwanza. Nikalisoma tena. Maneno nayajua, moja moja nayajua, lakini hayakushikana. Mambo niliyoyasomea miaka yote miwili, namna mtoto anavyojifunza kuhesabu, namna anavyojifunza kusema, nayahisi yako pale karibu na hayaji, na ulimi nimeubana kwa meno. Katikati ya hayo nikakusikia kabisa ukiniuliza, "Umelala?" Nikaogopa hata kukujibu moyoni, mdomo usije ukasogea. Nusu ya karatasi niliiacha tupu. Muda ulipokwisha programu ikanishukuru kwa kufuata kanuni.

Wamesema nikitaka naweza kuanza upya kozi nzima. Nikianza, nitaanza na mdomo upi?

Nina hasira, mama, na nisikufiche, nilikuwa na hasira hata nawe. Wiki nzima baada ya matokeo nilikulaumu wewe na upepeo wako. Nilisema laiti ungeniacha nikanyamaza utotoni, leo ningekuwa nyumbani na mwanangu. Nilipokuwa napiga pasi nilikulaumu kwa sauti, na mashine zinanguruma hakuna anayesikia. Nakuomba unisamehe. Kila nilichonacho kichwani wewe ndiye uliyenipa kwa njia hiyo hiyo, na sina kingine. Lakini nisingekuandikia ukweli kama ningeliruka hili.

Salamu zangu mfikishie kakangu Athman, na umwambie watalii wake wa Ras Kitau wasimpoteze akili akasahau kukurekebishia bomba la maji. Shangazi Bi Zaituni mwambie msala alionifumia ndio ninaosalia hadi leo, na ukingo umeanza kufumuka. Mwalimu Shee mpe salamu na shukurani, na umwambie asiniwekee tena kitu. Wanafunzi wako wote wasalimie, hasa wale wadogo wa safu ya mbele.

Na Swabra. Umemtunza tangu ana miaka minne, tangu babake alipotuacha nami nikaja huku, na sasa ana saba. Habari ya miaka miwili mwambie wewe, tafadhali, kwa wakati utakaouona wewe. Mimi nikijaribu kwenye simu nitalia, naye atanyamaza, na ule unyamavu wake siuwezi. Ile sauti aliyonirekodia akisoma kitabu cha shule nimeisikiliza mpaka nimeihifadhi. Nyuma ya maneno nasikia mgongo wake unagonga ukuta, du, du, du. Anayumba kama sisi. Hapo mwanzo nilicheka kwa furaha. Sasa nikiisikia nashika kifua.

Umeniambia shuleni kwao wameletewa vile vibao vya kusomea vyenye kamera. Naujua mwisho wa safari hiyo. Kwa hiyo nakuomba jambo ambalo sikudhani nitakuomba maishani. Kwako barazani, na msahafu wake, mwache asome kwa sauti na ayumbe apendavyo. Hilo asilipokonywe na mtu. Lakini akifungua kitabu cha shule, mzoeze kidogo kidogo kutulia. Anza sasa angali mdogo, asije akafundishwa na maji kama mimi. Na siku utakapomwona ameinamia kitabu, hasogei, mdomo umefumba, usimguse begani, mama.

Ni mimi mwanao,
Khadija