Siku Kavata Aliponiletea Biskuti

POLISI, KITENGELA
MAELEZO YA SHAHIDI
OB nambari 14/13/11/97

Jina: Elijah Gakuru Mbugua
Umri: Miaka 58
Kazi: Mkulima na mfugaji wa kuku
Makao: Kisaju, ng'ambo ya mto
Yameandikwa: Jumatatu, tarehe 17 Novemba 1997, saa nne asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni mwenyewe. Natoa maelezo kwa Kiswahili, ingawa lugha yangu ni Kikuyu.

Mnamo Jumapili tarehe 9 Novemba 1997, baada ya ibada, vijana wa kanisa letu waliweka meza nje karibu na mlango. Walikuwa wanauza biskuti walizopika wenyewe kwa sufuria, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko. Walitaka kununua viti vya plastiki wawe wakivikodisha kwa harusi na matanga. Aliyekuwa mezani ni Kavata Kimeu, msichana wa miaka ishirini, katibu wa kikundi. Nimemjua tangu akiwa mdogo, wazazi wake walipohamia hapa kutoka Machakos. Baba yake alishafariki. Mama yake anaitwa Ndanu, ni kibarua katika shamba la maua.

Nilionja biskuti moja. Ilikuwa ngumu kidogo lakini ilikuwa na tangawizi, nikaipenda. Nilimwambia Kavata kwamba Jumamosi nitakuwa na wageni wa kuja kumposa binti yangu Nduta. Niliagiza pakiti thelathini.

Akacheka, akaniuliza, "Baba Nduta, thelathini kweli, ama unanifurahisha tu?"

Nikamwambia ni kweli. Nilitaka kuwainua wale vijana, maana wengi hawana kazi na bado hawajaharibika. Nilisema nitakuja kuzichukua mwenyewe Ijumaa. Akasema, "Hapana, wewe mguu unakusumbua. Nitakuletea Alhamisi." Nikakubali.

Kati ya kanisa na shamba langu kuna mto. Kiangazi ni mchanga tu. Tangu hii mvua ya El Niño ianze, maji yalikuwa yanapita kila siku, lakini mtu aliweza kuvuka akikanyaga mawe. Daraja hakuna.

Alhamisi tarehe 13 kwetu hapakunyesha. Kulikuwa na jua hata nikaanika mahindi. Mawingu yalikuwa mbali sana, kule mto unakotoka. Saa tisa mchana nilikuwa nikisafisha banda la kuku, nikamwona Kavata akishuka upande ule mwingine amebeba katoni kichwani. Niliteremka kumpokea. Nilikuwa na saa mkononi na siku hiyo niliitazama mara nyingi, ndiyo maana nakumbuka dakika.

Saa tisa na dakika ishirini alikuwa amefika kwenye jiwe kubwa lililo katikati ya mto. Kisemei, jirani yangu anayechunga ng'ombe, alikuwa juu kidogo kwenye ukingo wangu. Nilimsikia akipiga kelele, "Enkare! Enkare!" yaani maji. Kisha nikasikia mlio kama wa lori linalopanda mlima. Maji yalikuja yakiwa mekundu, yamebeba matawi ya miti. Mawe ya upande wangu yalifunikwa mara moja, kwa sababu upande wangu ndio wenye kina.

Kavata alisimama juu ya lile jiwe. Hakulia. Aliniangalia, akasema kwa sauti, "Baba Nduta, nirudi ama ningoje?"

Nilimjibu, "Ngoja hapo hapo. Hii maji ni ya kupita, itapungua."

Naomba iandikwe hivyo, kwa maneno hayo. Nimekaa kando ya mto huo miaka kumi na tisa, na nimeona maji kama hayo yakija na kuisha kabla ya nusu saa. Nyuma ya Kavata, upande aliotoka, mawe mawili yalikuwa bado yanaonekana. Baada ya kama dakika tano hayakuonekana tena.

Nilimwambia atupe katoni ashike jiwe kwa mikono yote. Akasema, "Ni ya kikundi hii, si yangu." Aliikalisha kwenye mapaja yake, akachuchumaa.

Kisemei alikuja na kamba ya kufungia ndama. Mimi nilipanda nyumbani nikakata kamba ya kuanikia nguo. Sikuweza kukimbia vizuri kwa sababu ya mguu. Tuliziunganisha, tukafunga jiwe mwishoni, na Kisemei akarusha. Alirusha mara saba. Ile iliyofika mbali zaidi ilipungua kama hatua sita, ikavutwa na maji. Tukajaribu kutokea juu zaidi ili maji yenyewe yampelekee, lakini ilinasa kwenye matawi tukaipoteza karibu yote.

Niliingia majini. Mimi sijui kuogelea. Maji yalinifika kiunoni na nikaanguka. Kisemei alinivuta kwa shati mpaka ukingoni. Nilipotaka kuingia tena alinizuia kifuani, akaniambia, "Mzee, ukiingia nitakuwa nimepoteza watu wawili."

Ng'ambo walikuwa wamefika watu kama kumi, wengi ni akina mama. Mmoja alikimbia barabarani kutafuta trekta. Wale wengine hawakuwa na kitu cha kufanya, kama sisi tu. Walianza kuimba wimbo wa kanisa, kisha wakaacha.

Saa kumi kamili maji yalikuwa yamepita jiwe. Kavata alisimama. Katoni hakuwa nayo tena, na sikuona ilienda saa ngapi. Maji yalimfika magotini. Wakati huo mto ulikuwa na kelele sana, hata Kisemei aliyekuwa kando yangu sikumsikia. Kavata alinigeukia, akaweka mkono mdomoni, akaniambia jambo. Niliona mdomo ukienda. Lilikuwa jambo refu kidogo, si neno moja. Sikusikia. Nilitikisa kichwa kukubali, kwa sababu alikuwa ananingoja nijibu. Sijui nilikubali nini.

Saa kumi na dakika tano gogo lilikuja likampiga miguuni. Nilimwona mara moja tena, chini ya pale, kisha sikumwona.

Mimi na Kisemei tulifuata ukingo mpaka giza likaingia. Trekta ilifika saa kumi na nusu na ikarudi. Ijumaa tarehe 14, saa moja asubuhi, Kisemei alimpata amenaswa kwenye waya wa ua wa shamba, kama kilomita tatu chini. Maji yalikuwa yameshuka hata unaweza kutembea. Nilikwenda nikamtambua, na maafisa wakamchukua mbele yangu.

Wageni wa Nduta niliwatumia habari wasije.

Jana Jumapili, saa nane mchana, mama yake Kavata alikuja kwangu peke yake. Aliomba nimwonyeshe mahali. Nilimpeleka. Jiwe lilikuwa wazi na kavu. Aliliangalia kwa muda, akaniuliza, "Baba Nduta, mtoto wangu alisema nini?"

Nilimwambia kwamba hakulia, na kwamba nilipomwambia atupe katoni alikataa, akasema ni ya kikundi.

Akasema, "Huyo ni yeye." Kisha alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa sababu sikumwacha mtoto wake peke yake. Alisema Mungu alimwekea mtu mzima wa kumwangalia.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Sikumwambia kwamba Kavata aliniuliza arudi ama angoje. Nilitaka kumwambia pale mtoni, na tena tulipofika barabarani. Nimewaambia ninyi kwanza.

Niliyoyaona na niliyoyasema siku hiyo ni haya, na sina mengine ya kuongeza.

Sahihi: E. Gakuru Mbugua

Maandishi ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Kuntai, na nimemsomea shahidi kwa Kiswahili naye akakubali kwamba ni sahihi. Kabla ya kutia sahihi aliuliza kama mama wa marehemu atayasikia. Nilimweleza kwamba mahakama ikifanya uchunguzi wa kifo, yanaweza kusomwa mbele ya familia. Nilimuuliza kama kuna mahali anataka kubadilisha. Akasema hapana, akaomba kalamu.