Jina Nililoshindwa Kulitaja Mahakamani

Mzee wangu mpendwa,

Mwalimu wako ameniambia sasa unasoma mwenyewe bila kufuatisha kidole, ndiyo maana nakuandikia. Soma polepole. Ukikutana na neno gumu liruke, utalirudia.

Ulipozaliwa ulipewa jina la babu yako, baba mkwe wangu. Na kwenye ukoo wenu mkamwana hatamki jina la mkwewe, hata akiwa peke yake shambani, hata kama jina hilo ni la mtoto aliyemzaa mwenyewe. Ndiyo nikakuita Mzee. Nilikuwa nakupa uji nimepiga magoti, "Karibu uji, Mzee," na wewe, hujafika hata miaka mitatu, unapokea kwa mikono miwili kama mwenye mji. Tulicheka sana pale Mtinko. Hata baba yako alikuwa anacheka, siku hizo.

Unakumbuka lile daftari? Tulikuwa tumeanika alizeti uani, kazi yako kufukuza kuku. Ukaniletea daftari jipya, umeandika juu ya jalada, vidole vimejaa wino. Ukasema, "Soma, mama." Nikasoma Hisabati, nikasoma Darasa la Pili, mstari wa katikati nikaupita.

"Umeruka," ukasema.

Nikakwambia mwandiko wako ni mzuri kuliko wa baba yako.

"Lakini umeruka. Kwa nini wewe huniiti jina langu?"

Nikacheka, nikasema ukikua utaelewa, nikakutuma ukamfukuze yule kuku mwekundu. Wewe hukucheka. Niliona, mwanangu, nikapuuza.

Ya kwangu na baba yako si ya kukubebesha. Alileta mwanamke mwingine nyumbani, baraza la kata likajaribu kutupatanisha likashindwa, nikaenda mahakama ya mwanzo kuomba talaka, na mgawo wa nyumba tuliyojenga, na wewe. Kwenye karatasi yalikuwa maombi matatu, moyoni lilikuwa moja. Tofali za nyumba ile nilifyatua mwenyewe, wewe ukiwa mgongoni, na ningeziacha zote bila kugeuka nyuma.

Hakimu alikuwa mgeni, si mtu wa huku. Aliniuliza kwa upole, "Mdai, taja jina la mtoto unayemwomba."

Babu yako alikaa benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti. Nikainamisha kichwa. "Ni yule aliyekaa pale mlangoni, Mheshimiwa."

"Nimekuuliza jina, mama."

Ulikuwa unanitazama. Jina lilinifika kooni, likakaa hapo. Baba yako, ambaye mila hii anaijua tangu anatambaa, akasimama akasema, "Mheshimiwa, miaka minane, na jina la mwanawe halijui." Watu wakacheka. Ningeweza kusema: ni mila, Mheshimiwa. Maneno matatu tu. Lakini aibu ilinishika, nikanyamaza kama mwizi, na karani akaandika.

Kisha ukaitwa ndani kwa hakimu, peke yako. Ulichosema nilikuja kukisikia siku ya hukumu. Hakimu alisema mahakama inaangalia kwanza maslahi ya mtoto. Kwamba shule yako iko Mtinko na nyumba uliyoizoea iko Mtinko, na mimi nimepanga chumba kimoja Singida mjini, nashona magunia kwenye kiwanda cha kukamua alizeti. Hayo niliyavumilia, kwa sababu ni kweli. Kwenye nyumba nikapewa fungu langu. Ndipo akasoma kwamba mtoto alipoulizwa angependa kuishi na nani, alisema kwa babu. Alipoulizwa sababu, alisema, "Babu ananiita jina langu."

Sikulia mle ndani. Nililia nje, nimeegemea ukuta, na babu yako akanifuata. Nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mkamwana, mbona hukusema? Ningetoka nje." Akaegemea fimbo yake. "Umeniheshimu mbele ya watu wote."

Kisha akakushika mkono mkaondoka, maana hukumu ni hukumu.

Hukumu hiyo hiyo inasema nikuone likizo. Likizo moja imepita, na mara zote mbili nilizokuja baba yako aliniambia umepelekwa Iguguno kwa shangazi yako. Wiki iliyopita maji yalinizidi unga, nikaenda kusimama barabarani karibu na shule. Mkatoka wengi, sare moja, vumbi moja. Nikauona mgongo wako. Nikaita, "Mzee! Mzee wangu!" Mzee mmoja mwenye baiskeli akasimama. "Unaniita mimi, mama?" Wewe ukaenda zako, daftari kwapani. Babu yako hakuwepo pale. Hapakuwa na mtu wa kumheshimu, mwanangu, na bado mdomo wangu ulikataa.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi nimeshayashika mkononi. Siku za kukata rufaa zinakwisha, na aliyenisaidia kuandika karatasi ameniambia nisitegemee sana, mtoto akishasema amesema. Kitanda changu hapa ni kimoja. Mimi nalala upande wa ukutani, upande wako nimeuacha wazi. Chakula hakipiti. Sijui nitaishije bila wewe, na nakwambia ingawa najua mtoto haambiwi maneno kama haya.

Tangu Jumapili najizoeza. Mashine za kiwandani zikiwaka, mtu hata akipiga kelele hasikiki, basi nalitamka humo. Mara ya kwanza niligeuka kuangalia nyuma yangu. Linanitoka vibaya, kama la mtoto wa jirani, lakini linatoka. Hakimu akiniuliza tena nitalisema, babu yako awepo asiwepo. Nitamwomba radhi baadaye, kwa magoti.

Sasa chukua lile daftari, kama bado unalo, uangalie jalada. Mstari niliouruka nausoma leo.

Ntandu.

Ntandu mwanangu, geuka.

Mama yako