Baba, Nambari Yako Inagawanyika

Ziwani, 1996

Baba,

Nimekukasirikia, na kwa kuwa leo huwezi kunikatiza, utanisikiliza mpaka mwisho.

Ule ubao uliotuchongea siku ya harusi, wenye moja saba zilizopangwa mstari mmoja, 1,111,111, bado uko ukutani. Ulisimama mbele ya wageni ukasema, "Hii ni nambari tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nanyi msigawanyike." Watu wakapiga makofi. Mimi nikalia. Tangu hapo kila mgeni anayeingia kwetu namweleza habari hiyo.

Jumamosi Mama alinipa madaftari yako, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Nikakuta hesabu zenyewe. Kwa tatu, inabaki moja. Kwa saba, moja. Kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, moja vilevile. Nikatabasamu. Ukaendelea, ukurasa kwa ukurasa, ukijaribu nambari tasa moja baada ya nyingine, hadi 233. Ikabaki 167. Chini yake ukaandika, "Haigawanyiki." Basi.

Baba! Si wewe uliyenifundisha kwamba ni lazima ufike kwenye kipeuo cha pili cha nambari yenyewe, hapa elfu moja na hamsini hivi, ndipo uape? Nikachukua kalamu. Nambari tasa inayofuata ni 239. Nikagawanya. Haikubaki kitu. 239 mara 4,649, imekatika sawasawa. Hatua moja tu! Nikarudia mara tatu, nikitafuta kosa langu, si lako.

Nikamwambia mume wangu. Musyoka akautazama ubao, akauliza, "Kwa hivyo tuachane?" Akacheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka.

Nikatembea hadi kwenu Shauri Moyo kumwuliza Mama iweje mtu makini kama wewe aishie njiani. "Tazama mwandiko," akasema. Nikatazama. Kuanzia 191 tarakimu zinapandana, kubwa kama za mtoto wa nasari. "Macho yalikuwa yamemkataa. Kuchonga, alichonga akipapasa kwa vidole. Akanikataza nisikuambie, usije ukaahirisha harusi."

Hapo ndipo hasira ilinipanda kabisa. Ziwani na Shauri Moyo ni mwendo wa miguu, Baba. Ningekuja kila Jumapili nikusomee tarakimu, wewe ugawanye kichwani. Tungefika 239 pamoja, ungepiga meza kwa furaha, kisha ungetafuta nambari nyingine ya kuchonga. Lakini wewe ulikaa na gazeti mikononi, ukigeuza kurasa, ukinikubalia kila nilichosema. Nami, mwalimu mzima, sikugundua. Hilo nalo linaniudhi.

Halafu juzi nilimpa Mama barua kutoka kwa shangazi aisome. Akasema ameacha miwani chumbani.

Mama hana miwani, Baba.

Jumatatu naomba ruhusa shuleni nimpeleke akapimwe macho, hata akinuna njia nzima. Nakuahidi hilo, na safari hii sitadanganyika. Pumzika sasa. Nimemaliza kugomba, kwa leo.

Mwanao,
Mwende