Mafuta ya Mama Nora

Jumatatu, 2 Agosti 2021
Treni tupu kwa sababu ya korona, kutoka kwangu Campbelltown hadi kazini Rooty Hill. Barakoa, glavu, vidonge vya Mama Nora, mzee ninayemhudumia nyumbani kwake. Kisha mishumaa. Ana miaka tisini na moja, na kila majira ya baridi huitengeneza kama walivyofanya kijijini kwao Ireland. Nyasi za kinamasi anazimenya, anaacha ukanda mmoja wa ganda, halafu anachovya kiini kwenye mafuta ya kondoo. Kopo limejaa. Mafuta ya kula, yeye anayachoma! Kambini kwa wakimbizi, Tanzania, tungemwita mwendawazimu.

Jumatano, 4 Agosti
Nimechukua nusu ya mafuta. Pengo nimejaza mafuta ya alizeti, nikakoroga. Nyumbani nimeungia maharage. Watoto wamelamba sahani. Nani atajua?

Ijumaa, 6 Agosti
Mishumaa haijaganda. Utelezi mtupu; kumbe alizeti haigandi. Mama Nora amedhani amekosea, ameanza upya. Mimi nimemshikia taulo.

Jumatatu, 9 Agosti
Imeshindikana tena. Mama Nora amelia. Anasema akili imemtoka, kazi aliyoijua tangu utotoni hawezi tena. Binti yake Maura amemsikia kwenye simu. Anamtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee. Huko siku hizi, kwa ajili ya korona, hakuna kutembelewa.
Mwizi mimi. Na mwoga.

Jumanne, 10 Agosti
Nimempigia dada yangu aliyeko Bankstown. "Weye, nyamaza! Manager akisikia, shift zako zote finish." Kweli. Ila maharage ya leo nimewaachia watoto.

Jumatano, 11 Agosti
Mama Nora ameniuliza mara nne leo ni siku gani. Alikuwa anaijua. Hajiamini tena. Nimemfanyia hivyo mimi, kwa sababu ya sufuria ya maharage.

Alhamisi, 12 Agosti
Fomu ya nyumba ya wazee mezani, kalamu mkononi mwa Mama Nora. Nimesema yote. Nusu kopo, alizeti, kila kitu. Nilingoja matusi.
"Kwa hiyo si kichwa changu?"
"Si kichwa chako, mama. Niliiba."
Ameniuliza tena, na tena. Kisha akacheka mpaka akakohoa. Amempigia Maura mwenyewe, sauti juu. Mimi nilitamani anipige kofi.

Jumatatu, 16 Agosti
Ofisi imenipa onyo na kunipangia mzee mwingine wa kumhudumia. Maura hataki nirudi, na simlaumu. Ameniandikia mstari mmoja: mama anabaki nyumbani kwake. Nimeusoma nikiwa kituoni, nikamshukuru Mungu. Kumuaga Mama Nora sikupata.